Gari la Umeme Lililogongwa: Vipuri vya Gari Bovu au Vipya?

Kwa mkazi wa Moshi ambaye gari lake dogo la umeme la mwendo mdogo limegongwa, kununua gari bovu la aina ileile na kulitoa vipuri kuna faida kubwa: mota, kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota) na nyaya hupatikana vikiwa vinaoana tayari, hivyo fundi hahangaiki kulinganisha volti wala mpangilio wa vihisio. Vipuri vipya huagizwa kimoja kimoja, na kontrola ya volti 60 ikifungwa kwenye mfumo wa volti 48 huweza kukataa kuwaka, kwa kuwa huhesabu betri kuwa zimeisha chaji.

Kwa betri, hata hivyo, ninachagua mpya bila kusita. Betri nne za risasi za volti 12, zikiunganishwa kwa mfuatano kupata volti 48, hutegemeana. Moja ikiwa imechakaa huisha mapema na kuidhoofisha seti nzima, kasoro inayojitokeza haraka kwenye miinuko ya kuelekea Kibosho. Seti yote ibadilishwe kwa pamoja.

Taa, viti na milango ya gari bovu vinafaa kabisa. Pedi za breki zinunuliwe mpya, kwani mwinuko huohuo ndio mteremko wa kurudia mjini.