Wiki Kumi za Falsafa ya Tajiriba na Dhuluma: Tathmini ya Kozi ya Mtandaoni

Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya wiki kumi kuhusu ufeministi na falsafa ya kwia, yaani fikra zinazoanzia kwa watu ambao jinsia zao au mapenzi yao hayafuati mkondo unaochukuliwa kuwa ndio wa kawaida. Swali lililoibeba kozi nzima ni moja: yale aliyoyapitia mtu kwa mwili wake mwenyewe, yaani tajiriba yake, yana uzito gani kama ushahidi, pale anaposema kwamba amedhulumiwa? Sitaitaja kozi kwa jina, kwa kuwa nina malalamiko dhidi yake, na kwa kuwa mengi ninayoyasema yanahusu namna ya kulifundisha somo hili popote linapofundishwa. Niseme mapema kwamba naipendekeza kwa moyo wote, ingawa kuna jambo moja ambalo waandaaji wanapaswa kulirekebisha kabla hawajapokea kundi jingine.

Kila wiki kulikuwa na mhadhara uliorekodiwa wa takriban saa moja, kurasa hamsini hivi za kusoma, na mjadala wa moja kwa moja wa dakika 90 uliotukutanisha watu 14. Wiki ya kwanza ilipita haraka mno. Simone de Beauvoir, ambaye kazi yake kubwa juu ya hali ya mwanamke ilitoka Ufaransa mwaka 1949, aliguswa kwa dakika chache tu kana kwamba ni kizingiti cha kuruka ili kuwafikia wengine, ilhali yeye ndiye aliyeshikilia kwamba mwili si kitu tu bali ni hali, yaani namna yetu ya kuushika ulimwengu na kuichora mipango yetu. Asiyelielewa hilo atababaika katika wiki zinazofuata, kwa hiyo mwanafunzi mpya afadhali alisome mwenyewe kabla ya kuanza.

Wiki ya pili ndiyo iliyonifanya nibaki. Tulisoma makala ya Iris Marion Young ya mwaka 1980, ambayo inaanzia kwenye jambo linaloonekana dogo sana: namna msichana anavyorusha mpira. Kabla yake Erwin Straus, daktari wa akili, alikuwa ameona kwamba wasichana wadogo hurusha bila kuuzungusha mwili wala kuupeleka mkono nyuma, naye akalieleza jambo hilo kwa kudai kwamba wanawake wana mwelekeo wa kimaumbile ulio tofauti. Young aliyapokea aliyoyaona Straus, akayakataa maelezo yake. Kwa hoja yake, msichana hujifunza kuuishi mwili wake kwa namna mbili kwa wakati mmoja, kama mtendaji anayelenga kitu na kama kitu kinachotazamwa na wengine, na ile “naweza” inayoanzisha kila mwendo hukutana njiani na “siwezi” ambayo hakuizaa mwenyewe.

Mwalimu hakuiacha hoja hiyo ikielea. Alitutaka kila mmoja aweke kalamu sakafuni, asimame, aende kuiokota, kisha aandike kwa dakika tano kila kiungo cha mwili wake kilifanya nini. Nilipoinama, mkono wangu wa kushoto ulipanda wenyewe, ukaushika ukosi wa blauzi na kuubana kifuani kabla sijafikiri lolote, nami nilikuwa peke yangu chumbani na kamera nimeizima. Sijui nimelifanya jambo hilo mara ngapi maishani bila kulitambua. Mshiriki mmoja, mwanamume aliyelelewa kama msichana, aliandika kwamba mkono wake bado hupanda ingawa fulana anazovaa siku hizi hazina uwazi wowote wa kuziba, na mwalimu akaitumia kauli hiyo kuturudisha kwa mwanafalsafa Mfaransa Maurice Merleau-Ponty na wazo lake la mwili wenye mazoea, yaani mwili unaoendelea na mienendo ya zamani hata hali ikibadilika, wazo ambalo kwenye mhadhara nilikuwa nimelisikia bila kulielewa. Mwanamume mwingine alikuwa na sentensi moja tu, kwamba aliinama akaokota. Mwalimu hakumlaumu. Alimwambia kwamba sentensi hiyo moja nayo ni ushahidi, kwa kuwa inatuonyesha kwamba wapo watu ambao ulimwengu hauwadai chochote wanapoinama.

Kama kozi nzima ingekuwa hivyo, nisingekuwa na la kuongeza.

Sehemu ya katikati inahusu dhuluma ya kimaarifa, yaani ile inayompata mtu katika uwezo wake wa kujua na wa kuaminika kwamba anajua. Miranda Fricker, katika kazi yake ya mwaka 2007, anazitenga aina mbili. Ya kwanza ni dhuluma ya ushuhuda, pale neno la msemaji linapopunguziwa thamani kwa sababu ya chuki aliyonayo msikilizaji juu ya watu wa aina yake. Ya pili ni dhuluma ya ufasiri, pale mtu anapopatwa na jambo ambalo jamii haijalitafutia maelezo, kwa sababu watu wanaopatwa nalo hawakushirikishwa katika kuunda lugha inayotumiwa na wote. Mfano wake maarufu ni wa Carmita Wood, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani hadi miaka ya 1970. Profesa mmoja alikuwa akimpapasa kila anapopata nafasi, na baada ya kumbana ndani ya lifti Wood akaanza kupanda na kushuka kwa ngazi ili wasikutane tena. Aliomba kuhamishwa, akanyimwa, akaacha kazi. Alipoomba fidia ya kukosa kazi aliulizwa sababu ya kuondoka, naye kwa aibu na kwa kukosa jina la kulitaja jambo lenyewe akajibu kwamba ni sababu za kibinafsi. Ombi lake likakataliwa. Mwaka 1975 wanawake waliokutana kwa ajili yake walitafuta jina la kuandika kwenye matangazo yao, wakayapima kadhaa, wakakubaliana juu ya lile ambalo leo kwa Kiswahili tunaliita unyanyasaji wa kijinsia kazini.

Hapa mwalimu alikaa wiki mbili, na alifanya vyema. Alituuliza Wood alijua nini kabla ya jina hilo kupatikana. Baada ya mabishano marefu tulikubaliana kwamba alijua mengi, kwa sababu mtu asiyejua hapandi ngazi ilhali lifti ipo. Kilichokosekana ni neno ambalo karani angelipokea. Ndipo tukaletewa Kristie Dotson na makala yake ya mwaka 2011, ambayo kwangu ndiyo kazi yenye nguvu kuliko zote tulizosoma. Dotson anaeleza kwamba kunyamazishwa si lazima kuanzie kwa msikilizaji anayekataa kusikia, kwani mara nyingine msemaji mwenyewe huukata ushuhuda wake, akabakiza kile tu anachoona hadhira yake inaweza kukibeba, kwa kuwa anajua mengine yatamgeukia. Gaile Pohlhaus, mwaka uliofuata, akaongeza kwamba mara nyingi maneno huwa yapo tayari miongoni mwa wanaodhulumiwa, na wenye nafasi ndio hukataa kujifunza kuyatumia. Kazi hizi mbili zinamsahihisha Fricker bila kumtupa, na ningependa zisomwe siku moja na kazi yake badala ya kuja wiki moja baadaye, wakati wengi tulikuwa tumekwisha kushika wazo kwamba anayedhulumiwa hukosa maneno.

Sasa nifike kwenye malalamiko yangu. Katika mjadala kila msemaji alikuwa na dakika mbili, na saa ilionekana kwenye kona ya skrini ikihesabu kurudi nyuma. Wiki ya nne mshiriki mmoja, mwanamke ambaye alipozaliwa alipewa jina la kiume, alianza kusimulia jinsi alivyoitwa kwa jina lake la zamani kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali mbele ya foleni nzima. Kengele ikalia. Akasema, “Basi, niliondoka,” akazima kipaza sauti. Wiki mbili baadaye, tulipokuwa tukimjadili Dotson, alisema kwamba simulizi yake aliipunguza hata kabla ya kuanza kuzungumza, kwa sababu ya saa ile na kwa sababu alikuwa akizitazama nyuso zetu. Tulikuwa tunalisoma jambo hilo huku tukilitenda.

Nilitaka kuwaeleza waandaaji. Njia iliyokuwapo ni fomu ya maoni ya kila wiki, ambayo inakutaka uchague kwanza tatizo lako linahusu nini kati ya sauti na picha, usomaji, na ratiba. Haina sehemu ya mengineyo, na bila kuchagua haikuruhusu kuendelea. Nikachagua ratiba, kwa kuwa suala lilihusu muda, nikaandika nilichoweza katika kisanduku kidogo kilichofuata. Jibu lilikuja kwamba saa za mjadala haziwezi kubadilishwa kwa sababu washiriki wanatoka sehemu mbalimbali za dunia. Silinganishi uzito wa jambo hili na la Carmita Wood, maana yeye alipoteza riziki yake. Hata hivyo kozi inayofundisha kwamba fomu inaweza kumfanya mtu aonekane hana hoja ilipaswa kuitazama fomu yake yenyewe kwa jicho hilohilo, na sioni udhuru wowote wa kutofanya hivyo.

Wiki ya saba tulimsoma mwanahistoria Joan Scott, ambaye mwaka 1991 alionya dhidi ya kuichukulia tajiriba kama msingi usioulizwa. Anasema kwamba tajiriba yenyewe imetengenezwa na historia, kwa hiyo kazi haijaisha mtu anapoitaja, bali hapo ndipo inapoanza. Kazi hii ingekuja mapema zaidi ingetufaa sana, kwa kuwa kufikia wakati huo mjadala wetu ulikuwa umezoea kufungwa kwa kauli ya “mimi ndivyo nilivyoishi”, na baada yake hakuna aliyethubutu kuuliza. Kwa kumsoma Scott nilielewa kwamba mkono wangu kwenye ukosi wa blauzi haukuwa jibu la swali lolote, bali wenyewe ndio uliohitaji kuelezwa: nani aliufundisha, lini, na kwa faida ya nani.

Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria wa Marekani tuliyemsoma wiki ya nane, hahitaji sifa zangu. Ile kesi ya mwaka 1976 anayoichambua katika makala yake ya mwaka 1989, ambamo wanawake watano weusi waliishtaki kampuni ya General Motors na mahakama ikakataa kuwatambua kama kundi lenye dai lake, ikisema kwamba wanaweza kudai kwa msingi wa rangi au wa jinsia lakini si kwa kuviunganisha vyote viwili, ilifundishwa kwa uwazi na utulivu.

Falsafa ya kwia ililetwa mwishoni, kama kiambatisho, na hilo silipendi. Sara Ahmed, aliyeandika mwaka 2006 juu ya meza ambayo Edmund Husserl anaitaja katika kazi yake ya mwaka 1913, anauliza ni nani aliyeisafisha meza hiyo na nani aliyewatunza watoto ili mwanafalsafa apate kuitazama. Kutoka hapo anaonyesha jinsi miili inavyoelekezwa kufuata mistari iliyokwisha kukanyagwa, na kinachompata anayetoka nje ya mstari. Swali hilo lilistahili kusimama mwanzoni kabisa, kando ya Young.

Wiki ya kumi tulimsoma Talia Mae Bettcher, ambaye katika makala ya mwaka 2009 anadai kwamba mamlaka ya mtu juu ya jinsia yake ni ya kimaadili kuliko kuwa ya kimaarifa: hayatokani na kwamba hakosei kujijua, bali na kwamba wengine hawana haki ya kuusema utu wake kwa niaba yake. Kabla ya kikao hicho nilimwandikia mwalimu moja kwa moja, na ninamshukuru kwa kuwa aliiondoa saa. Watu watano tu walizungumza jioni hiyo. Mwanamke yule alisimulia yote, na kwa ruhusa yake nayaandika: karani aliliita jina la zamani mara ya pili huku akimtazama, naye akajibu, “Ametoka kidogo, ngoja nimwite,” akatoka nje, akavuka barabara, na hakurudi kutibiwa hadi wiki tatu baadaye, kidonda kikiwa kimekwisha kuoza. Ilimchukua dakika 11.

Anayetaka kujiandikisha na ajiandikishe, lakini aulize kwanza kama saa imerudishwa.