Yogati ya "Matunda": Nimepima Sukari Kijiko kwa Kijiko

Karibuni tena. Leo sina blenda wala jiko, nina kikopo kimoja tu cha yogati. Kina picha ya stroberi tatu, ng'ombe anacheka, na neno "asilia". Hiki ndicho nilichokuwa namwekea mwanangu kwenye begi la shule, nikijiona mzazi wa maana, huku soda nimeipiga marufuku nyumbani. Jina nimelibandikia karatasi, msiniulize kwenye komenti.

Tugeuze nyuma. Maandishi kama sisimizi, ngoja nisogeze kamera. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Cha kwanza maziwa, sawa. Cha pili? Sukari. Stroberi mwenyewe yuko wa nne, nyuma ya wanga wa mahindi!

Haya, jedwali. Sukari gramu 13 kwa kila gramu 100. Hapo ndipo tunapopigwa, maana kikopo kina gramu 150. Kwa hiyo ni 19.5. Tusiwaonee lakini: maziwa yana sukari yake, na yogati tupu huwa na kama gramu 5 kwa 100, yaani 7.5 kwa kikopo hiki. Toa hizo, inabaki 12 ya kutiwa. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 4. Namimina kwenye glasi, hesabuni na mimi. Kimoja... viwili... vitatu. Mnaona ilivyopanda? Mimi chai yangu naweka kimoja.

Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2015 walishauri sukari ya kutiwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Hiyo 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, mtoto chini ya hapo. Kikopo kimoja kimeshameza karibu nusu, na chai ya jioni mtoto hajanywa.

Kuna yogati nyingine dukani inajisifu imetiwa asali. Jamani, WHO wanaihesabu asali humo humo.

Hukumu yangu: utamu tisa kwa kumi, ukweli mbili. Nimerudi kwenye maziwa mgando ya dukani hapa mtaani, nayakatia embe dodo. Siku ya kwanza mwanangu alikunja uso: "Baba, haya si yameharibika?" Nikaongeza embe. Siku hizi anachokoa embe zote, maziwa ananiachia mimi.