Sonara wa Ngamiani anayeijua lulu

Mimi ni fundi wa nguo za harusi hapa Tanga, huu mwaka wa 19. Gauni moja naweza kulishonea lulu mia tatu, na miaka yote nimeziita lulu bila kusita. Zinakuja kwa pakiti kutoka Kariakoo, nyeupe, zinang'aa, nazo ni plastiki. Binti wa dada yangu, ambaye jina lake hasa ni Lulu, alipochumbiwa, nikasema huyu hawezi kuvaa plastiki masikioni. Nikaanza kutafuta hereni za lulu ya kweli.

Nilianzia mji mwingine, kwenye duka ambalo sitalitaja. Nikatoa 60,000, nikaapiwa kuwa ni lulu ya baharini. Wiki mbili hazijaisha, rangi ikaanza kubanduka kwenye matundu kama rangi ya kucha. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni lile jina. Tumempa mtoto jina hilo, kisha mtu analibandika kwenye plastiki na kuniapia.

Ndipo shoga yangu akanipeleka Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba, kwa sonara mmoja mtu mzima ambaye duka lake halina hata kibao. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza: "Mwanangu, unataka lulu, au unataka cheupe cha kung'aa? Vyote ninavyo." Swali hilo peke yake limenifanya niandike haya.

Akanipa punje mbili, akasema nizisugue taratibu kwenye meno. Moja iliteleza kama kioo. Nyingine ilikwaruza kidogo, kama mchanga laini sana. "Hiyo inayokwaruza ndiyo," akasema. Akanionyesha na tundu kwa lenzi yake: la kweli limetoboka safi, la bandia lina rangi iliyokunjamana pembeni. Kisha akaniambia jambo ambalo angeweza kulinyamazia: hereni nilizozipenda zimetoka China, lulu zake zimefugwa kwenye maji baridi, chumvi ya bahari hazijaionja. Nikamuuliza, sasa ni lulu kweli? Akasema ni lulu, kwa sababu mnyama mwenyewe ndiye aliyeitengeneza, tabaka juu ya tabaka, kama chaza anavyofanya baharini. Binadamu amemwanzishia tu. Za Zanzibar, zile wanazofuga kina mama wa Fumba, nyingi ni nusu-lulu, bapa upande mmoja kwa kuwa hukua zimegandamana na kombe. Siku hiyo hakuwa nazo, na hakunidanganya kuwa anazo.

Tulizungumza sana kuhusu neno lenyewe. Lulu tumelipokea kutoka Kiarabu, na washairi wetu wa zamani walikuwa na neno jingine pia, duri. Leo tunasema sukari imekuwa lulu, yaani imeadimika na kila mtu anaitaka. Mchezaji anayegombewa na timu naye ni lulu. Huko kote neno limebaki na uzito wake, kitu adimu na cha thamani, isipokuwa kwenye cherehani zetu sisi mafundi. Mzee yule akaniambia pia kwamba kutunga ni neno moja kwa shanga na kwa shairi, kwani kote unapanga kimoja baada ya kingine kwenye uzi. Nilikuwa natunga miaka yote na sikuwahi kulifikiria hilo.

Marijani nayo niliiulizia, kwa ajili ya pete ya dada. Akanisahihisha kwa upole: haya mawe yaliyojengewa msikiti wa kale kule Tongoni ni matumbawe. Marijani ya fedhaluka, ile nyekundu hasa ya vito, hutoka mbali, bahari ya Mediterania. Vyote viwili, lulu na marijani, vimetajwa pamoja katika Surat Rahman, aya ya 22, na ndiyo maana utakuta nyumba ina mabinti wawili wenye majina hayo.

Hereni alizitaja 95,000, tukaafikiana 85,000, zikiwa na ndoano za fedha. Risiti aliandika kwa mkono: "lulu ya kufugwa, maji baridi." Nimeitunza. Mkufu wa marehemu bibi aliutunga upya kwa 15,000, akapiga fundo kati ya kila lulu ili zisisuguane, na uzi ukikatika zisimwagike zote.

Upungufu upo. Hereni za lulu nilikuta jozi tano tu. Taa ni hafifu, omba akutolee kitu mlangoni ukione kwa jua. Hapokei malipo ya simu, na adhuhuri anafunga mpaka baada ya alasiri. Mimi nilisimama juani saa nzima bila kujua.

Ukienda, mwombe akuonyeshe lulu moja anayoiweka kwenye kikopo, imefifia kama chaki. Aliyekuwa akiivaa alikuwa akiipulizia marashi kila siku, na marashi ndiyo yaliyoiharibu. Kwa hiyo Lulu wetu, siku ya harusi, tulimfukiza udi kwanza, tukampaka manukato, tukamvisha gauni na mtandio, na hereni tukamtia mwisho kabisa, gari likiwa tayari limewashwa nje.