Karakana ya Mwanga iliyonifufulia Monark 868

Baiskeli yangu ya mazoezi, Monark 868, ilikaa stoo huku Katubuka miezi minane kabla sijapata fundi wa kuaminika. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Kigoma, mnyororo ukiwa umeganda kwa kutu, mkanda wa breki umechanika, na pedeli ya kushoto haipo. Toleo hilo halitengenezwi tena, na mafundi wawili wa kwanza walinishauri niiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Karakana iliyoifufua ni ya baiskeli za kawaida, ipo Mwanga, hapa hapa Kigoma, haizidi ukubwa wa chumba kimoja, na fundi wake hakuwa amewahi kuona mashine ya namna hiyo.

Msomaji anayefikiria kupeleka ya kwake ni vizuri ajue kwanza kwa nini mashine hii haifai kutengenezwa kwa kubahatisha. Ni ya Sweden, na breki yake inafuata muundo ambao Wilhelm von Döbeln, mtaalamu wa fiziolojia wa Sweden, aliueleza mwaka 1954. Haitumii umeme kabisa: mkanda umezungushwa kwenye gurudumu zito, unapokazwa unalisugua, na pendulamu iliyo mbele ya mwendeshaji inaonyesha uzito wa msuguano huo. Gea ya mbele ina meno 52 na ya gurudumu ina meno 14, hesabu iliyopangwa ili kila mzunguko mmoja wa pedeli uusogeze ukingo wa gurudumu mita 6. Anayekanyaga mizunguko 50 kwa dakika kwenye alama ya 2, yaani msuguano wa kilo 2, anafanya kazi ya takriban wati 100. Daktari wangu aliniagiza kuongeza mazoezi hatua kwa hatua kwa sababu ya shinikizo la damu, na usahihi wa namba hizo ndio ulionifanya niitafute.

Fundi alianza kwa kusikiliza, jambo ambalo wenzake wawili hawakulifanya. Alipoona gea ya mbele imelika kidogo alipendekeza kufunga ya Phoenix, ambayo hupatikana madukani, lakini nilipomweleza habari ya zile mita 6 alichukua chaki, akatia alama kwenye jino la kwanza, akahesabu meno yote kwa kidole mara mbili, kisha akasema ya zamani itabaki. Aliisafisha kwa mafuta ya taa na kufunga mnyororo mpya wa baiskeli aliokata pingili zake hadi ukaenea. Uzi wa pedeli ya kushoto, ambao hukazwa kinyume na ule wa kulia, ulikuwa umejaa kutu. Aliuloweka kwa dizeli usiku kucha badala ya kulazimisha spana, na kranki ikapona.

Mkanda mpya aliushonesha kwa fundi viatu kutokana na mkanda imara wa kufungia mizigo. Nilihofia kwamba mkanda usio wa asili ungeharibu vipimo, lakini pendulamu hupima tofauti ya mvuto kati ya ncha mbili za mkanda, hivyo aina ya kitambaa haibadilishi maana ya namba. Kinachotakiwa ni uso wa gurudumu kuwa safi na laini, nao aliusugua kwa msasa mwembamba na kuufuta kwa spiriti hadi kitambaa cheupe kikatoka bila doa.

Hatua iliyonipa imani kamili ni ya mwisho. Aliiweka mashine sakafuni akitumia pima maji, akaulegeza mkanda na kuhakikisha pendulamu inasimama kwenye sifuri, kisha akaazima kwa muuza dagaa mawe mawili ya mizani ya kilo mbili mbili, yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, akayatundika mahali mkanda unapofungwa. Alama ilisoma chini ya 4. Alilegeza skrubu ya uzani wa pendulamu, akausogeza kidogo kidogo, akatundika tena, mpaka alama ikatulia juu ya 4 kamili. Muuza dagaa alisimama pale akisubiri mawe yake, naye akataka aonyeshwe.

Nina malalamiko mawili. Kazi iliyoahidiwa wiki moja ilichukua tatu, na mara mbili nilipanda daladala bure kwa sababu hakuna aliyenipigia simu. La pili ni zito zaidi: kijana wa karakana alipaka mnyororo oili chafu kwa wingi, ikarukia gurudumu, na nilipoifikisha nyumbani mkanda ukawa unateleza. Fundi alikuja mwenyewe hadi kwangu Jumapili, akasafisha gurudumu upya, akapaka mnyororo mafuta mepesi matone machache, na hakutaka malipo ya ziada. Gharama yote, vifaa na ufundi, ilikuwa shilingi 68,000, kiasi ambacho kwangu ni halali kabisa kwa kazi hiyo.

Tangu hapo nakanyaga nusu saa kila alfajiri, na kila Jumamosi naangalia sifuri, bado haijahama. Jirani yangu alipompelekea mashine ya kukimbilia, fundi aliikataa palepale kwa sababu ina mota ya umeme na yeye si mtu wa umeme. Wenye mashine za mnyororo, mkanda na beringi wamwendee asubuhi, kabla foleni ya bodaboda wa baiskeli haijajaa mlangoni.