Nimelala Falaknuma, kasri la Nizam wa Hyderabad: sikilizeni hii meza

Haya jamani, karibuni tena, na leo naomba msiniandikie "dada fupisha", kwa sababu hii video nimeiwaza wiki tatu nzima. Nimelala kwenye kasri. Siyo zile hoteli zinazojiita Palace halafu ukifika unakuta ghorofa la vioo na bwawa. Hili ni kasri hasa, mfalme kaishi humo na mfalme kafia humo. Linaitwa Falaknuma, lipo Hyderabad, India, juu ya kilima, na tangu Novemba 2010 ni hoteli ya Taj, kampuni ya hoteli ya huko huko India.

Wengi wenu Hyderabad mnaijua kwa matibabu, na mimi pia ndicho kilichonipeleka. Tulimpeleka mama, goti. Goti limekaa vizuri, alhamdulillahi, na nyote mliomwombea dua kwenye komenti nawashukuru, alizisikia, tulimsomea. Siku mbili kabla ya kurudi Tanga nikamwambia wifi yangu, huyu anayeshika kamera, akiba ya chaneli tuitoe, mama alale usiku mmoja kwenye nyumba ya wafalme.

Kwanza jina, maana limenifurahisha. Falak ni hii hii falaki yetu, elimu ya falaki, mambo ya mbingu na nyota. Numa ni Kiajemi, kitu kinachofanana na kingine. Kwa hiyo nyumba mfano wa mbingu. Na Nizam, cheo cha wafalme wa Hyderabad, asili yake ni moja na neno letu nidhamu. Mama alipoelezwa hilo akasema, "Basi hawa tunaelewana nao."

Kufika kwenyewe: gari linaishia getini. Pale unapandishwa gari la farasi, unapelekwa nalo taratibu mpaka mlangoni. Halafu unapanda ngazi za mbele, na kutoka roshani ya juu unamwagiwa waridi. Wifi, rudisha hapo. Haya, muoneni mama. Kasimama na mkongojo wake, waridi linamwangukia kwenye mtandio, hasemi kitu. Sasa tazameni mkono. Anaokota. Kipande kimoja kimoja, anafunga kwenye ncha ya mtandio. Yale maua yapo Tanga sasa hivi, ndani ya kopo la udi.

Chumba nitapita haraka. Vipo 60, vitanda vizuri, mabafu mazuri, shuka zimenyooka. Kwa hoteli ya daraja hili hayo mnayategemea, sitawapotezea muda. Niliwaahidi meza, twende kwenye meza.

Hii hapa. Watu 101 wanakaa meza moja. Urefu wake futi 108, karibu mita 33. Nimetembea kutoka ncha hii mpaka ile nikahesabu hatua, zikafika 46. Viti vimechongwa, ngozi yake ya kijani. Shikeni macho hapo kwenye mbao, inavyong'aa taa zinaonekana ndani yake kama ziko majini. Lakini uzuri wa macho siyo ulionishika mimi. Anayetutembeza alisema ukumbi ulijengwa ili aliyeko mwisho asikike mwisho wa pili, bila kupaza sauti. Nikasema hili lazima tulijaribu.

Nimezima muziki wa nyuma. Mwenye hedifoni avae. Wifi kaenda kule mwisho na simu yake inarekodi, mimi nipo huku. Mara ya kwanza nimeongea kawaida, hiyo hata haihesabiki. Mara ya pili nimeshusha sauti, kama mnavyoongea msibani. Mmesikia? Neno zima limefika, hakuna lililomezwa. Sasa mara ya tatu. Nimenong'ona, pumzi tu: "Mama kanywa dawa?" Subirini... "Kanywa." Jamani! Mita thelathini na tatu! Hiyo sauti imetoka kwenye simu iliyokuwa kule kwa wifi, sijaiongeza hata kidogo, rudisheni nyuma msikilize tena. Na kuna kitu kingine nimekigundua wakati nahariri: yule mhudumu alipovuta kiti katikati ya meza, ile "krr" ya mguu wa kiti inasikika sawa kwenye simu zote mbili. Na wakati ukumbi huu unajengwa hakukuwa na kipaza sauti. Kasri hili lilianza kujengwa mwaka 1884 na Sir Viqar-ul-Umra, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Hyderabad, na kazi ilichukua kama miaka tisa.

Kabla karne haijaisha likawa la Nizam wa 6, Mahbub Ali Khan, na ni humu alimofariki mwaka 1911. Huyu ndiye baba wa ile hadithi ya almasi. Almasi ya Jacob, karati 184 na ushee. Inasimuliwa kwamba mwanawe, Osman Ali Khan, aliikuta kwenye ncha ya kiatu cha baba yake, akawa anaitumia kukandamizia karatasi mezani.

Baada ya India kuichukua Hyderabad mwaka 1948, kasri likapoa. Rais Rajendra Prasad alikuja mwaka 1951, kisha miaka mingi likabaki limefungwa. Ukarabati, ambao Princess Esra, aliyekuwa mke wa mjukuu wa Osman Ali Khan, alikuwa mstari wa mbele, ulichukua karibu miaka kumi. Na hapa ndipo moyo wangu ulipo: vitu vilikuwepo. Meza ile ile, ngazi zile zile, maktaba yenye dari ya mbao za kuchonga. Nikakumbuka kasri la Maruhubi, Unguja. Sayyid Barghash alilijenga miaka hiyo hiyo ya 1880, likaungua mwaka 1899, na leo tunapiga picha kwenye nguzo. Iliniuma, siwafichi.

Mtaniuliza kuhusu Umaid Bhawan ya Jodhpur, kasri jingine la India lililogeuzwa hoteli, najua mtaniuliza. Ile ni ya juzi ukilinganisha, ilikamilika mwaka 1943, na familia ya mfalme bado inaishi upande mmoja. Çırağan ya Istanbul ipo baharini, nzuri, lakini vyumba vingi vipo kwenye jengo jipya pembeni, siyo kwenye kasri lenyewe. Kwangu hilo ni kubwa. Na mwaka jana nililala kasri moja nchi nyingine, jina nalihifadhi, kiyoyozi kilidondosha maji usiku kucha na asubuhi nikaletewa bili ya chai niliyoambiwa ni ya bure. Mwenye kufuatilia chaneli anakumbuka.

Bei sasa. Inapanda na kushuka. Desemba mpaka Februari ndiyo kilele, usiku mmoja unaweza kufikia nauli ya ndege ya mtu mmoja Dar–Mumbai kwenda na kurudi, na juu yake kuna kodi asilimia 18, ipigieni hesabu mapema. Kwenye ile video fupi nilisema laleni siku mbili. Nimebadilisha mawazo. Usiku mmoja unatosha, ila ingieni mchana mapema na msikose ziara ya jioni. Na kama pesa haifiki chumba, wekeni nafasi ya chai au chakula cha usiku, maana bila nafasi getini hupiti. Mtaona pale walipofanyia harusi ya mdogo wake Salman Khan mwaka 2014, nawajua wapenzi wa picha za Kihindi mpo.

Halafu msiondoke bila kushuka Barkas, siyo mbali na kilima. Jina limetokana na neno la Kiingereza barracks, yaani kambi ya askari. Ni mtaa wa Washihiri, wajukuu wa askari wa Hadhramaut waliomtumikia Nizam, na majina ya kina Ba mtayakuta kama ya Tanga. Wanapika harees. Mama alionja kijiko kimoja akaweka kijiko chini: "Hii si boko boko?" Ndiyo boko boko, ngano na nyama vimepondwa mpaka vimekuwa kitu kimoja, samli juu. Haleem, kile chakula cha ngano na nyama kinachoipa Hyderabad sifa, yenyewe imetokana na hiyo. Na mjini kuna mtaa unaitwa AC Guards, AC ni African Cavalry, askari farasi wa Kiafrika wa Nizam, na vizazi vyao wapo mpaka leo. Hao nawaandalia video yao peke yao, nilikaa nao nusu siku, hawatoshi dakika mbili za mwisho.

Ijumaa saa tatu usiku tupo laivu. Mama atakuwepo, na maswali ya goti mwulizeni yeye mwenyewe. Gusa kengele, wifi zima kamera.