Nta ya kopo kwenye gari jeusi: uzoefu wangu

Naishi Kigamboni na natumia Toyota IST nyeusi, kwa hiyo vumbi, jua na upepo wa bahari ndiyo maisha ya gari langu. Siku hizi silipii tena polishi. Nanunua nta ya kopo yenye kanauba, yaani nta ya mmea, na kuipaka mwenyewe, na nimeridhika nayo sana. Ila niseme mapema: kazi kubwa iko kwenye kuosha.

Mchanga ukibaki juu ya rangi, kila ukipitisha kitambaa unachora. Naanza kwa kumwagia maji tu, bila kugusa, mpaka vumbi lishuke. Kisha ndoo mbili: moja ina shampuu ya gari, nyingine maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye povu. Nashuka kutoka kwenye paa, na ringi zina sponji lake. Sabuni ya unga siigusi kabisa, maana inaondoa nta yote uliyoitolea jasho. Na wenzangu wa visima: maji ya chumvi yakikaukia kwenye bodi yanaacha madoa meupe. Suuza ya mwisho natumia maji ya mvua niliyokinga, halafu nakausha papo hapo kwa taulo la maikrofaiba. Kama hela ni ndogo, bora ununue nta ya bei nafuu na taulo zuri kuliko kinyume chake.

Kanauba inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ni nta ngumu, huyeyuka kwenye nyuzi joto zaidi ya 80. Naipaka asubuhi, kivulini, bodi ikiwa ya baridi, tabaka jembamba, sehemu moja moja. Ikishafanya ukungu naifuta kwa kitambaa kingine kikavu. Ukiipaka nene haing'ai zaidi, unajiongezea kazi ya kufuta tu. Plastiki nyeusi za bampa ziepuke, nta inaziachia weupe mgumu kutoka.

Weusi umerudi, na mvua ikinyesha maji yanajikusanya matone na kuteleza. Mikwaruzo inayonasa ukucha haiondoi, hiyo ni kazi ya fundi rangi. Boneti ndiyo inayochoka kwanza kwa joto la injini: maji yanaanza kutandaa badala ya kufanya matone. Hapo narudia boneti na paa tu, milango inasubiri.