Zana za uchambuzi tuli wa msimbo ndani ya kontena: ipi ununue kwanza, ipi isubiri

Zana ya uchambuzi tuli husoma msimbo bila kuuendesha na kuonyesha penye hatari: nywila iliyosahaulika ndani ya faili, amri ya SQL iliyoungwa moja kwa moja na maandishi ya mtumiaji, faili iliyofunguliwa isifungwe. Nyingi sasa huja kama imeji ya Docker (kifurushi cha programu kinachoendeshwa ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa), na wanunuzi hulinganisha idadi ya lugha na kanuni zilizotajwa kwenye matangazo. Kinachoamua kama zana itadumu ni usanidi wake. Je, inataka seva na hifadhidata, au inaanza, inachambua na kuzimika? Inakula kumbukumbu kiasi gani? Leseni inahesabiwa kwa mistari ya msimbo au kwa idadi ya watu? Mpangilio huu umefuata maswali hayo, kwa timu ndogo au ya kati isiyo na mtu wa kulea seva kutwa nzima.

1. Semgrep: anza hapa

Haina seva. Unaunganisha folda ya mradi kwenye `/src`, kontena linafanya kazi yake na kufutika:

`docker run --rm -v "$PWD:/src" semgrep/semgrep:TOLEO semgrep scan --config p/default --error`

Mahali pa TOLEO andika namba kamili ya toleo, kamwe usiandike `latest`. Toleo jipya likiingia usiku na mabadiliko ya injini, paipulaini (mlolongo wa hatua za kukagua na kujenga msimbo) inaweza kukwama asubuhi ilhali hakuna aliyegusa msimbo. Na ukikuta maelekezo yanayotaja `returntocorp/semgrep`, hilo ni jina la zamani la imeji.

Sehemu inayosahaulika sana ni `--error`. Bila hiyo, `semgrep scan` hurudisha 0, ishara ya kwamba mambo ni sawa, hata ikikuta kasoro tele. Paipulaini inabaki ya kijani na timu inaamini iko salama. Pia angalia `--config auto`: ni rahisi kuanza nayo, lakini inadai takwimu za matumizi zitumwe nje, na haikubali kuwekwa pamoja na `--metrics=off`. Mwenye masharti ya usiri ataje kifurushi cha kanuni kwa jina, au aweke kanuni zake ndani ya mradi na kuandika `--config .semgrep/`. Kumbuka kwamba vifurushi vya `p/` hupakuliwa mtandaoni, hivyo kontena lisilo na intaneti litakwama hapohapo.

Kuna mipaka miwili ambayo mtu huigundua kwa kuchelewa. Faili inayozidi baiti 1,000,000 hurukwa, na kanuni inayochukua zaidi ya sekunde 5 kwenye faili moja huachwa. Vyote viwili hubadilishwa kwa `--max-target-bytes` na `--timeout`, ila kwanza soma muhtasari wa mwisho wa uchambuzi, unaoeleza kilichorukwa. Kontena likifa na kurudisha 137, mara nyingi kumbukumbu imekwisha: punguza kazi zinazokwenda sambamba kwa `-j 2`.

Kosa jingine huwashangaza wengi: Git ndani ya kontena inaweza kulalamika `detected dubious ownership in repository`. Tangu Git 2.35.2 ya mwaka 2022, Git hukataa hazina (folda ya mradi inayotunzwa na Git) ambayo mwenye folda si yule anayeendesha amri. Kontena linaendeshwa kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), folda ni ya mtumiaji wa kawaida. Dawa ni `git config --global --add safe.directory /src` ndani ya kontena, kabla uchambuzi haujaanza.

Injini yenyewe ni huria, chini ya leseni ya LGPL 2.1. Unachokilipia hasa ni uchambuzi unaofuata data kutoka faili moja hadi nyingine. Toleo huria huishia ndani ya faili moja. Mwishoni mwa 2024 kanuni zilizotungwa na Semgrep ziliwekewa leseni yenye masharti zaidi, na mwanzoni mwa 2025 ukazaliwa mradi wa Opengrep kutokana na injini hiyohiyo. Kwa matumizi ya ndani ya kampuni hilo halikusumbui. Ukipanga kuwauzia wengine huduma ya uchambuzi, soma leseni ya kanuni kabla ya kitu kingine chochote.

2. SonarQube: nzuri, ukiwa na wa kuitunza

Hapa unapata historia, chati, na kizuizi cha ubora kinachoangalia msimbo mpya tu. Kizuizi cha awali, `Sonar way`, hudai msimbo mpya usiwe na kasoro mpya, majaribio yaufikie kwa angalau asilimia 80, na marudio yasizidi asilimia 3. Kwa mradi mkongwe wenye maelfu ya kasoro, kupima msimbo mpya peke yake ndiyo njia ya kuanza bila kuikatisha tamaa timu. Sababu hiyo pekee inatosha kuiweka nafasi ya pili.

Gharama yake iko kwenye usanidi. Ndani ya SonarQube mna Elasticsearch, injini ya utafutaji, nayo hugoma kuwaka ikiwa `vm.max_map_count` iko chini. Kwenye logi utaona kwamba 65530 ni ndogo mno. Watu hujaribu kurekebisha ndani ya kontena na kushindwa, kwa kuwa makontena hutumia keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine mwenyeji. Kwa hiyo amri hutolewa kwenye mwenyeji:

`sysctl -w vm.max_map_count=524288`

Kisha iandike kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`, la sivyo itapotea mashine ikizimwa na kuwashwa. Kontena nalo lipewe `--ulimit nofile=131072` na `--ulimit nproc=8192`.

Hifadhidata ya H2 iliyomo ndani ni ya kuonja tu. Weka PostgreSQL kwenye kontena lake, uielekeze kwa `SONAR_JDBC_URL`, `SONAR_JDBC_USERNAME` na `SONAR_JDBC_PASSWORD`. Tengeneza voliumu (hifadhi za Docker zinazobaki kontena likifutwa) tatu zenye majina kwa ajili ya `/opt/sonarqube/data`, `/opt/sonarqube/extensions` na `/opt/sonarqube/logs`. Usitumie folda ya mwenyeji moja kwa moja, maana programu-jalizi hazitajazwa sawasawa. Na usizoee `docker compose down -v`: hiyo `-v` hufuta voliumu, pamoja na historia yote. Diski nayo iwe na nafasi, kwa sababu Elasticsearch hukataa kuandika data mpya diski ikijaa kupita kiasi, na ripoti mpya hazitapokelewa.

Kichanganuzi ni imeji nyingine, `sonarsource/sonar-scanner-cli`, na mradi huunganishwa kwenye `/usr/src`. Ukiipa `SONAR_HOST_URL=http://localhost:9000` itakosa seva, kwa sababu `localhost` ndani ya kontena ni kontena lenyewe. Yaweke yote mawili kwenye mtandao mmoja wa Docker, uandike `http://sonarqube:9000`. Halafu:

- Mradi wa Java unahitaji `sonar.java.binaries`, jenga mradi kwanza, bila faili za `.class` zilizokwisha kutengenezwa uchambuzi unasimama.
- Ripoti ya majaribio iliyotengenezwa nje ya kontena huwa na njia za faili za mwenyeji. Hazilingani na `/usr/src`, na asilimia inasomeka 0.
- CI (mfumo unaojenga na kukagua msimbo kiotomatiki) ikivuta komiti moja tu ya mwisho, yaani badiliko moja lililohifadhiwa, SonarQube haiwezi kujua nani aliandika nini na lini. Vuta historia yote.
- Weka `sonar.qualitygate.wait=true`, la sivyo paipulaini haingoji hukumu ya kizuizi.

Kuingia mara ya kwanza ni `admin` na `admin`, poti 9000. Badilisha nywila kabla ya kuifungulia timu. Toleo la bure, Community Build, huchambua tawi kuu tu. Matawi mengine na maombi ya kuunganisha msimbo yanaanzia Developer Edition, ambayo bei yake hupanda kwa mistari ya msimbo. Kwa timu inayokagua kila badiliko kabla ya kuunganisha, toleo la bure halitoshi. Ingiza gharama hiyo kwenye bajeti mapema.

3. Qodana: kwa waliozoea programu za JetBrains

Kama timu inaandika kwa IntelliJ IDEA au PyCharm, Qodana hutumia ukaguzi uleule wanaouona kwenye skrini zao, na hakuna ubishi kuhusu kosa linalotokea CI pekee. Mradi unakwenda `/data/project`, matokeo `/data/results`. Unganisha pia `/data/cache`, vinginevyo kila mara itaanza upya kupakua tegemezi (maktaba ambazo mradi unazihitaji) na kujenga faharasa. Ikiripoti mamia ya majina isiyoyatambua, tegemezi hazikusakinishwa: ongeza amri ya kuzisakinisha kwenye kipengele cha `bootstrap` katika `qodana.yaml`. `failThreshold`, idadi ya kasoro inayofanya ukaguzi ushindwe, iko kwenye faili hiyohiyo. Imeji za `qodana-jvm-community` na `qodana-python-community` ni za bure. Za kulipia hudai `QODANA_TOKEN`, na hesabu ni kwa watu wanaochangia msimbo. Timu ya wachache wenye msimbo mkubwa huona nafuu hapa.

4. MegaLinter: nyongeza, isiwe nguzo

Ni bure, na imefungasha vikaguzi vingi vya mtindo na sintaksia kwenye imeji moja nzito. Chagua ladha (toleo dogo la imeji) ya lugha yako badala ya imeji nzima, unganisha `/tmp/lint`, orodhesha unavyovitaka kwenye `ENABLE_LINTERS`, na weka `VALIDATE_ALL_CODEBASE: false` ili ikague mabadiliko tu. Haitafuata data kama zilizotangulia.

CodeQL ya GitHub ina nguvu kubwa na ni bure kwa hazina za wazi. Haimo kwenye mpangilio kwa sababu hazina zilizofungwa hudai leseni ya kulipia ya GitHub yenyewe, na uamuzi huo ni mpana kuliko zana moja.

Ya kuikwepa: yoyote inayodai `/var/run/docker.sock`

Zana za aina hii, kama ile ya zamani ya mstari wa amri ya Code Climate, huanzisha makontena mengine kwa kila kikaguzi. Faili hiyo ni soketi, mlango wa kuiamuru Docker: anayeishika anaweza kuanzisha kontena lililounganishwa na diski nzima ya mwenyeji, akiwa root. Kwenye mashine ya CI inayoendesha msimbo wa watu wengi, huko ni kuacha mlango wazi.

Kabla ya kulipa

Kwa SonarQube, ondoa kwanza kwenye hesabu msimbo uliozalishwa na mashine na maktaba za wengine kwa `sonar.exclusions`, na utenge majaribio kwa `sonar.tests`; idadi ya mistari inaweza kukushusha daraja la bei. Kwa zana inayotoza kwa watu, uliza roboti zinazotuma komiti zinahesabiwaje.

Kisha fanya jaribio hili kwa kila zana. Chukua kasoro ya usalama ambayo timu imeshaitengeneza, rudi kwenye komiti iliyotangulia marekebisho kwa `git checkout KOMITI^`, uendeshe uchambuzi huku `docker stats` ikiwa wazi kwenye dirisha la pili. Andika mambo matatu: kama kasoro ile imeonekana, kilele cha kumbukumbu, na kelele ngapi za uongo zimetoka kwenye faili ileile.